Janga limeikumba kampuni yenu, waandishi wa habari wako getini: dhana potofu na ukweli

Dhana: Tukinyamaza, habari itapoa.
Haipoi, inatafuta msemaji mwingine. Mwandishi ana saa ya kuwasilisha kazi yake. Akikukosa wewe atampata jirani, mfanyakazi aliyeachishwa juzi, au mlinzi. Huyo mlinzi ndiye hukutana na kamera kabla ya mtu yeyote, na ndiye asiyeitwa kwenye mafunzo. Mpe sentensi moja, "Subirini hapa, ofisa habari anakuja," na namba ya kumpigia.

Dhana: Tusiseme lolote mpaka uchunguzi uishe.
Uchunguzi huchukua miezi. Taarifa ya awali haihitaji chanzo cha ajali: inataja kilichotokea, wapi, saa ngapi, waathirika wanasaidiwaje, na taarifa nyingine itatoka lini. Iandikeni leo, nafasi za mahali na saa zikiwa wazi, na mwanasheria aipitie leo, si kuamshwa usiku wa tukio. Mkiahidi saa kumi, tokeni saa kumi hata kama hamna jipya.

Dhana: Bosi ndiye msemaji bora.
Pengine. Mwaka 2010 mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka Ghuba ya Mexico, wafanyakazi 11 wakafa. Mkuu wa kampuni ya mafuta ya BP, Tony Hayward, aliomba radhi mbele ya kamera, kisha akaongeza kwamba anatamani arudishiwe maisha yake. Mwaka haukuisha akiwa kwenye kiti. Ulimi wa mtu aliyechoka huteleza hivyo, ndiyo maana mazoezi yawe ya kweli: taa usoni, swali lilelile mara tano, muulizaji akikatiza. Halafu mtazame video pamoja. Inauma.

Dhana: Kuita bidhaa irudi ni kujizika.
Mwaka 1982, eneo la Chicago, watu saba walikufa kwa vidonge vya kutuliza maumivu vya Tylenol vilivyotiwa sumu ya sianidi. Johnson & Johnson, watengenezaji wake, iliondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31, na dawa hiyo ikarudi madukani na kununuliwa tena. (Wakufunzi wanaupenda mno mfano huu. Kampuni ile haikuwa imetia sumu; mwenye kosa lake mwenyewe ana kazi ngumu zaidi.)

Dhana: "Usininukuu" inatosha.
Kinasa sauti kilichobanwa kwenye koti kinasikia mpaka kivuliwe.

Dhana: Mpango tunao, uko kwenye kompyuta ya ofisini.
Ofisi ikiungua je? Chapisheni kurasa mbili, nakala zikae nyumbani kwa wahusika, na namba zihakikiwe kwa kuzipiga. Nimeshaona orodha ambayo namba ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyekwisha kustaafu.