Kabla ya kuuliza jina la bakteria, hakikisha yuko peke yake

Swali ninaloulizwa sana na wanafunzi wapya maabara ni hili: kipimo kipi kinataja jina la bakteria asiyejulikana? Hakuna hata kimoja kinachotosha peke yake. Jina hupatikana kwa mchujo, kipimo baada ya kipimo, na mchujo wenyewe hauna maana ikiwa kwenye sahani ya kuoteshea wamo bakteria wa aina mbili.

Kuna sampuli iliwahi kunisumbua siku tatu. Kwenye slaidi niliona fimbofimbo za waridi, yaani Gram hasi (wasioshika rangi ya zambarau ya Gram). Kipimo cha oksidesi, kimeng'enya cha upumuaji wa seli, kikageuka zambarau ndani ya sekunde 10. Laktosi, sukari ya maziwa, ikachachuka, na kipimo cha indoli, kemikali ambayo baadhi ya bakteria huitengeneza, kikatoa pete nyekundu. Majibu hayo ukiyaweka pamoja yanaelekea kwa jamii ya bakteria iitwayo Aeromonas, nami nilikuwa karibu kuliandika jina hilo. Kilichonizuia ni harufu tamu kama ya zabibu iliyonifikia nilipofunua sahani. (Usiinuse sahani kwa makusudi, ni hatari.) Nikachukua kitanzi, nikaotesha upya kwenye agari ya MacConkey, ambayo huwapa uwaridi wanaochachua laktosi, kwa mistari ya kuwatenganisha. Kesho yake zilikuwepo koloni (vishada vya bakteria) za waridi, na pembeni yake nyingine zisizo na rangi. Za waridi zilikuwa Escherichia coli: laktosi na indoli vilikuwa vyake. Hizo nyingine zilikuwa Pseudomonas aeruginosa, na oksidesi na ile harufu ya zabibu vilikuwa vyake. Nilikuwa nimewahoji wawili nikaandika majibu ya mmoja.

Tangu hapo siendelei na kipimo chochote kabla ya kupata koloni safi na kuipaka rangi ya Gram mwenyewe. Mbinu hii aliitangaza Mdenmark Hans Christian Gram mwaka 1884, na bado ndiyo inayoamua njia utakayofuata. Rangi ya zambarau na aiodini hushikamana ndani ya seli. Ukimwaga alkoholi, ukuta mnene hubakiza rangi. Ukuta mwembamba huiachia, kisha safranini huutia uwaridi. Alkoholi ikizidi muda, hata Gram chanya, yaani mwenye ukuta mnene, atatoka waridi. Vivyo hivyo ukitumia bakteria waliozeeka, kwa hiyo mimi huchukua waliooteshwa saa 18 hadi 24.

Ukiona vitufe vya zambarau, tone la haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 linatosha kuanzia. Mapovu yakitoka, elekea kwa Staphylococcus. Yasipotoka, fikiria Streptococcus. Ila ukichota kwenye agari ya damu, chota juujuu tu, kwani chembe nyekundu nazo zina katalesi, kimeng'enya kinachovunja peroksaidi na kutoa mapovu, na zitakutolea mapovu ya uongo.

Siku hizi mashine ya MALDI-TOF husoma protini za bakteria na kutoa jina kwa dakika chache, na kusoma jeni ya 16S, ambayo kila bakteria anayo na ina besi (herufi za DNA) 1,500 hivi, husaidia pale vipimo vingine vinapokwama. Nazipenda zote mbili. Lakini Shigella, bakteria wa kuhara damu, na E. coli ni ndugu wa karibu mno, kiasi kwamba njia zote mbili huwachanganya. Hapo narudi kwenye mirija ya zamani: Shigella hajongei, havunji laisini (aina ya asidi amino), na mara nyingi huchachua glukosi bila kutoa gesi. E. coli wa kawaida huwa kinyume chake, ingawa wapo wachache wanaoiga tabia za Shigella, na hao huwapima pia kwa antisira (maji ya damu yenye kingamwili za kumtambua bakteria) kabla ya kutia sahihi.