Dunia hujizungusha mara 366 katika mwaka wa siku 365

Huhitaji darubini kulihakikisha hili. Chagua nyota moja inayong'aa, simama mahali palepale kila usiku, uangalie inafichika saa ngapi nyuma ya ukingo wa paa au mnara. Ikifichika leo saa 3:00 usiku, kesho itafichika saa 2:56. Baada ya wiki mbili na siku moja itakuwa imewahi kwa saa nzima. Hakikisha tu hujachagua sayari: Zuhura na Mshtarii zina mwendo wao na zitakuvuruga.

Dakika hizo 4 zinatoka wapi? Shuleni tulifundishwa kwamba Dunia hujizungusha kwenye mhimili wake kwa saa 24. Kwa matumizi ya kila siku inatosha, lakini mzunguko wenyewe hukamilika kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Wakati huohuo Dunia inalizunguka Jua kwa kasi ya takriban kilomita 30 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita milioni 2.5 kwa siku. Ikimaliza kujizungusha, nyota zinakuwa zimerudi pale zilipokuwa jana, ila Jua bado, kwa sababu sisi wenyewe tumeshahama. Lazima Dunia igeuke karibu digrii 1 zaidi ndipo adhuhuri ifike, na digrii 1 huichukua dakika 4. Zijumlishe kwa mwaka mzima, utapata mzunguko mmoja kamili ambao hakuna kalenda inayouhesabu.

Wakulima wa pwani waliisoma hesabu hii angani zamani sana. "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Kilimia ni lile fungu dogo la nyota zilizosongamana, ambalo mwishoni mwa Novemba huchomoza mashariki jua linapotua. Kwa kuwahi dakika 4 kila siku, mwishoni mwa Februari jua likitua kinakuwa kimeshapanda juu kabisa, na mwezi wa Mei hupotelea kwenye mwanga wa Jua magharibi, masika yakiwa bado yananyesha. Katikati ya Juni huonekana tena, safari hii alfajiri upande wa mashariki, na kiangazi kimeingia. Kwa maoni yangu somo la jiografia lingeanzia hapa, kabla ya kumpa mtoto mchoro wa tufe na mishale.

Mwezi nao una hesabu ya namna hiyo. Huizunguka Dunia kwa siku 27.3, lakini kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29.5. Katika siku hizo 27 Dunia imesonga mbele kwenye njia yake, na Mwezi unahitaji siku 2 na ushei kufikia tena upande wa Jua. Ndiyo maana mwezi wa Hijria huwa na siku 29 au 30, kamwe si 27.

Wengi hudhani Mwezi haujizungushi kwa kuwa tunauona uso uleule siku zote. Ungekuwa haujizungushi, tungeuona pande zote katika kila mzunguko wake. Hujizungusha, tena kwa siku 27.3 zilezile, kwa sababu mvutano wa Dunia uliupunguza kasi zamani hadi miendo miwili ikalingana. Upande wa pili haukuonwa na yeyote mpaka Oktoba 1959, chombo cha Kisovieti Luna 3 kilipoupiga picha.

Dunia hujizungusha kuelekea upande uleule inakozungukia Jua, ndiyo maana siku yetu ni ndefu kuliko mzunguko wake. Zuhura hujizungusha kinyume, tena polepole mno: siku 243 za kwetu kwa mzunguko mmoja, ilhali hulizunguka Jua kwa siku 225. Kwa kuwa miendo hiyo inapishana, kutoka macheo hadi macheo huko ni siku 117 tu. Na Jua huchomoza magharibi, ingawa mawingu mazito ya sayari hiyo yangekuzuia kuliona.