Je, salmoni mkubwa humrithisha mwanawe ukubwa wake?

Wengi huamini kwamba salmoni mwenye mwili mkubwa humrithisha mwanawe ukubwa huo moja kwa moja, kana kwamba kilo zimeandikwa ndani ya yai. Sivyo. Kwa salmoni wa Atlantiki wa mwituni, kinachorithiwa zaidi ni umri wa kukomaa, yaani muda ambao samaki hukaa baharini akila kabla ya kurudi mtoni kuzaa. Aliyekaa msimu mmoja wa baridi hurudi akiwa na kilo chache tu, ilhali aliyekaa misimu mitatu anaweza kupita kilo 10. Ukilitazama gamba lake kwa hadubini, utaona duara zilizosongamana za kila msimu wa baridi, mithili ya zile za shina la mti. Chakula na joto la maji navyo vina sehemu yao.

Mwaka 2015 watafiti walibaini kwamba jeni moja, iitwayo vgll3, hueleza karibu asilimia 39 ya tofauti za umri huo. La ajabu, na kwangu ndilo tamu zaidi, ni kwamba samaki mwenye nakala moja ya jeni hiyo inayowahisha ukomavu na nyingine inayouchelewesha huelekea kukomaa mapema akiwa dume, na kuchelewa akiwa jike. Tena baadhi ya madume hukomaa mtoni kabla ya kuiona bahari, wakiwa wadogo kama kiganja, na hurutubisha mayai kwa kujipenyeza kando ya majike wakubwa; watoto wao, wakikaa baharini miaka kadhaa, huweza kurudi wakiwa majitu.