"Borrow" na "lend": fikiria kopa na kopesha, si azima

Penseli imevunjika ncha katikati ya zoezi, mwanafunzi anamgeukia mwenzake: "Please borrow me your pencil." Mwalimu anasahihisha, "Lend me!", kisha somo linaendelea. Sababu ya kosa haisemwi, na mtoto atalirudia kesho, kwa kuwa kosa hilo limetoka kwenye neno letu "azima".

"Azima" lina pande mbili. Ukisema "nimeazima jembe kwa jirani", wewe umepokea. Ukisema "niazime jembe lako", unamtaka jirani atoe. Kitenzi ni kile kile, na hakuna anayechanganyikiwa. Mwanafunzi akitafsiri "niazime" anapata "borrow me", na kwa Kiswahili chake yuko sahihi kabisa.

Dawa ni kuliacha "azima" na kushika "kopa" na "kopesha". Hapo tunatenganisha wenyewe: anayechukua anakopa, anayetoa anakopesha. "Borrow" ni kukopa, "lend" ni kukopesha. Je, umewahi kumsikia mtu akisema "nikope elfu kumi"? Basi "borrow me" humkwaruza Mwingereza sikio vivyo hivyo.

Ukiomba, tazama sentensi inaanza na nani. Ukianza na mimi: "Can I borrow your hoe?" Ukianza na wewe: "Can you lend me your hoe?" Jembe likishatoka, "I borrowed it from my neighbour", ila yeye atasema "I lent it to him". Wakati uliopita wa "lend" ni "lent", hakuna "lended". "Loan" ni mkopo wenyewe, ingawa Wamarekani hulitumia pia kama kitenzi mahali pa "lend".

Kuna mahali Kiswahili kinaona zaidi. Jembe unaliazima, maana utarudisha lile lile. Sukari unaikopa, maana ile imeshanyweka na utarudisha nyingine. Kweli, wengi siku hizi husema "niazime elfu kumi", lakini tofauti hiyo ni tamu na ningependa tuitunze. Kiingereza huita yote "borrow", jembe na sukari pia.

Ila kwa kitu kisichobebeka, "borrow" haikai vizuri. Ukiwa mgeni nyumbani kwa mtu na umebanwa, sema "Can I use your toilet?"