Nyumba za jirani na Mlimani: kinachopandisha bei na kinachoishusha

Dalali akikupeleka kuona nyumba Changanyikeni, Msewe au Makongo, mitaa ya jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (Mlimani), neno lake la kwanza ni lilelile: hapa na chuo ni pua na mdomo. Kwangu mimi ninayefanya uthamini, ukaribu huo hauna bei mpaka nijue atakayeulipia ni nani. Mwanafunzi anayetafuta geto na mfanyakazi anayetafuta pa kulea watoto huitazama nyumba moja kwa macho tofauti kabisa, na huduma inayomvuta mmoja mara nyingi humfukuza mwenzake.

Nianze na mwanafunzi, maana uwezo wake unajulikana. Tangu mwaka wa masomo 2022/23, mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu hupewa hadi Sh 10,000 kwa siku za chakula na malazi. Kabla ya hapo zilikuwa 8,500. Kwa siku 30 hizo ni Sh 300,000, na humohumo ale, apande daladala, atoe kopi. Kwa hesabu zangu, chumba kikivuka Sh 100,000 kwa kichwa umeshamwondoa sokoni anayetegemea bumu, yaani hiyo hela ya Bodi. Ndiyo maana marumaru za gharama na milango ya kuchonga hazirudishi hela yake katika mtaa wa wanafunzi. Maji hurudisha.

Bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, kupita nje ya geti hakujaniambia kitu. Nauliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, saa ngapi, na yakikatika nyumba inahimili siku ngapi. Chukua vyumba 8 vyenye watu wawili wawili: watu 16, kila mmoja lita 50 kwa siku, ni lita 800. Maji yakikatika siku nne unahitaji lita 3,200. Simtank la lita 5,000 linatosha, la 2,000 linaisha siku ya tatu kabla ya jioni. Kosa ninalolikuta mara kwa mara, hasa kwenye miinuko, ni simtank moja tu lililopandishwa juu ya mnara: presha ya bomba haifiki huko, kwa hiyo linakaa tupu hata siku ya maji. Panahitajika tangi la chini la kupokea, pampu, kisha tangi la juu la kugawa. Wenye kisima nao wapeleke maji kupimwa chumvi kabla ya kukitangaza kama sifa ya nyumba. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, na chumvi hula mabomba na koki.

Tuseme vyumba hivyo 8 vinapangishwa Sh 80,000 kila kimoja. Usizidishe kwa miezi 12. Wanafunzi wakifunga chuo na kwenda mafunzo kwa vitendo, vyumba vinabaki wazi, kwa hiyo mimi nahesabu miezi 10: Sh 6,400,000. Toa asilimia 20 ya matengenezo, kunyonya choo, kodi za serikali na mengineyo, inabaki 5,120,000. Mnunuzi akitaka faida ya asilimia 8 kwa mwaka, gawa kiasi hicho kwa 0.08: nyumba ina thamani ya Sh 64,000,000. Sasa maji yawe ya uhakika na kodi ipande hadi 90,000. Rudia hesabu ileile utapata Sh 72,000,000. Elfu kumi kwa chumba imezaa milioni 8, na gharama ya matangi mawili na pampu haikaribii hapo.

Umbali nao upimwe kwa miguu, kwa njia ambayo mtu anaipita kweli, mpaka kwenye geti linalofunguliwa. Ramani hukata moja kwa moja juu ya bonde na uzio wa chuo. Mpangaji haruki kama kunguru. Mwendo wa kawaida ni kama mita 80 kwa dakika, hivyo robo saa ni mita 1,200. Ikizidi hapo mtu ataanza kupanda bodaboda. Tuseme Sh 1,000 kwenda na 1,000 kurudi kwa siku 22: 44,000 kwa mwezi, na kiasi hicho mpangaji atakitafuta kwenye kodi yako. Pita njia hiyo tena saa mbili usiku. Isiyo na taa wala maduka yaliyo wazi, wasichana wataikwepa, na umepoteza nusu ya soko.

Kwa mama ntilie, steshenari na wakala wa fedha sina mengi: vikiwa ndani ya dakika tano vinatosha, na kuongezeka kwake hakupandishi kodi. Baa ni jambo jingine. Mita 200 kutoka nyumbani haisumbui; ikigusana na ukuta, familia zitakataa, na hata mwanafunzi atahama mitihani ikikaribia.

Huduma kubwa zinataka tahadhari, kwa sababu huja na huhama. Jengo la maduka la Mlimani City lilipofunguliwa 2006 lilileta ajira na wapangaji wasiotegemea kalenda ya chuo, ndiyo maana upande wa Sinza na Survey siuhesabu kwa miezi 10. Hosteli za Magufuli za chuo hicho zilizozinduliwa 2017 zilijengwa kuchukua wanafunzi 3,840, na hao ni wapangaji waliokuwa wa mtaani. Stendi ya mabasi ya mikoani ikatoka Ubungo kwenda Mbezi Luis 2021, wasafiri wa gesti wakaondoka nayo. Kabla ya kununua nyumba ya wapangaji, uliza chuo kina mpango gani wa mabweni.

Barabara ya lami ndiyo huduma inayoshangiliwa zaidi na inayoumiza zaidi. Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Kwenye Barabara ya Morogoro, bomoabomoa ya 2017 kutoka Kimara hadi Kiluvya ilifuata mita 121.5. Vuta futi kamba mwenyewe, na angalia kama ukuta una alama ya X ya kubomolewa iliyopakwa kwa rangi.

Sehemu kubwa ya Changanyikeni na Makongo Juu ilijengwa kabla ya viwanja kupimwa. Nyumba isiyo na hati benki haiipokei kwa urahisi kama dhamana, hivyo mnunuzi wake ni mwenye fedha taslimu tu, na wanunuzi wachache maana yake bei ndogo hata huduma zote zikiwepo. Kwa hiyo unapotafuta bei ya kulinganisha, usichukue nyumba yenye hati ya Sinza ukaipima na ya Changanyikeni yenye barua ya serikali ya mtaa. Tafuta mauzo matatu ya mtaa huohuo, yenye hadhi ileile ya umiliki, ndipo urekebishe kwa maji, njia na kelele.