Ukurasa wa leo: kutumia kitabu cha tafakuri unapoacha unga au pombe

Kitabu cha tafakuri cha kila siku huwa na kurasa 366, mmoja kwa kila tarehe, hata Februari 29. Anayeacha unga (heroini), bugizi (vidonge vya kulevya) au pombe hukabidhiwa kimoja mapema, mara nyingi cha Kiingereza, na maelezo anayopewa ni maneno matatu: soma kila asubuhi. Wiki chache baadaye kurasa za mwanzo zimechakaa na zilizobaki hazijaguswa. Lawama huangukia msomaji, nami naona kosa ni la maelezo. Ukurasa usipofungwa kwenye saa maalumu na kwenye kazi moja ya siku hiyo, husomwa, ukapendeza, ukasahaulika kabla chai haijapoa.

Vitabu hivi asili yake ni Marekani, katika vikundi vya walevi waliosaidiana kuacha pombe, vilivyoanzia Akron, Ohio, mwaka 1935. Wale wa mwanzo walisoma vijitabu vya ibada vya makanisa. Kisha Richmond Walker, mmoja wao, akaandika Twenty-Four Hours a Day, kilichotoka Florida mwaka 1948: wazo la siku, tafakuri, halafu sala fupi. Vingi vilivyofuata vimeshika muundo wa aina hiyo. Historia hii yafaa kujulikana kwa sababu inaeleza kwa nini lugha yake hunukia kanisa, na kwa nini msomaji wa Majengo au Old Town, hapa Mombasa, huhisi anasoma barua ya mtu mwingine. Hilo lina dawa, nitalifikia.

Tuanze na saa. Ichague kwa kuitazama saa yako ya hatari. Kwa teja, yaani mtumiaji wa unga, saa ya kwanza baada ya kuamka ilikuwa ya kutafuta: mwili unaamka na arosto, yale maumivu ya kukosa dozi, na miguu inajua njia ya maskani wanakokutana watumiaji. Saa hiyo ikiachwa tupu, miguu itakwenda yenyewe. Basi ukurasa usomwe papo hapo, kabla simu haijawashwa. Mwislamu aufunge kwenye sala ya alfajiri, akimaliza nyiradi na kabla hajainuka kwenye msala, maana tabia mpya hushika haraka ikitundikwa kwenye tabia iliyokwisha kukita. Mnywaji wa mnazi au chang'aa hatari yake ni jioni, kibarua kikishalipwa. Huyo asome mara mbili, na ya pili iwe kabla hajapanda matatu ya kurudi nyumbani. Anayekunywa methadone, dawa ya kushika nafasi ya unga, katika kliniki ya Kisauni ana saa yake tayari, yaani foleni ya dozi. Humo hukutana na wenzake wa zamani, na wengine bado wanatumia, kwa hiyo kurasa mkononi humpa macho yake pa kutulia.

Kusoma kwenyewe ni dakika kumi. Mara ya kwanza soma kimya, mara ya pili kwa sauti. Sauti ina kazi: wiki za mwanzo usingizi ni wa vipande na akili haikai, macho hupita mistari yote bila neno kuingia, na mdomo ndio unaolazimisha mwendo wa pole. Kisha chagua sentensi moja tu. Kisha andika kazi ya leo, yenye saa na mahali. Hapa ndipo wengi huteleza. Ukurasa ukizungumzia subira, mtu huandika "leo nitakuwa na subira," na hiyo si kazi, ni dua. Kazi ni hii: "Saa 7 mchana nikitoka sokoni Kongowea nitapita barabara kubwa, sitakatiza kichochoroni." Au: "Kaka akinitajia zile pesa, nitasema tutaongea kesho mbele ya mama, halafu nitatoka uani." Jioni unarudi kwenye mstari huo huo na kuandika neno moja, nimefanya au sikufanya. Waliosoma madrasa wataitambua muhasaba, mtu kuihesabu nafsi yake kabla ya kulala.

Kuna siku za kutosoma. Arosto ya unga huanza saa chache baada ya dozi ya mwisho, kwa kawaida kati ya saa 8 na 24, hupanda juu kabisa siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua ndani ya takriban wiki moja. Anayetapika na kuumwa mifupa hawezi kutafakari. Mwenzake amsomee sentensi moja, ampe maji, basi. Na mlevi wa pombe wa miaka mingi aliyeacha ghafla, akianza kutetemeka, kuona visivyokuwepo au kupatwa na kifafa, asipewe kitabu chochote. Apelekwe hospitali kuu ya Makadara mara moja, kwa sababu arosto ya pombe inaua.

Kosa ninaloliona likiwaumiza watu kuliko yote ni kulipa deni. Mtu amekosa siku nne, anaketi kusoma kurasa tano kwa mkupuo. Siku ya pili deni limekuwa kubwa zaidi, aibu inaingia, na aibu ile ile husema: umeshaharibu, maliza kabisa. Ni mkondo ule ule unaomgeuza aliyeonja mara moja kuwa aliyerudi mzima mzima. Kurasa zilizopita ziache. Fungua tarehe ya leo. Na kwa aliyerudi kwenye unga baada ya kukaa safi wiki kadhaa, kuna jambo zito kuliko kurasa: mwili umesahau kiwango cha zamani, na dozi aliyoizoea sasa inaweza kumsimamishia pumzi. Familia iulize kliniki kuhusu naloxone, dawa ya kumrudishia pumzi aliyezidisha unga, mapema, kabla haijahitajika.

Mama yako nyumbani naye, kwa mapenzi, huweza kukigeuza kitabu kuwa fimbo. "Hebu msikilize mwenzako anavyosema hapa!" Ukishasomewa hivyo mara mbili hukifungui tena. Mama, kitabu ni cha mwanao. Ukitaka kusoma, tafuta chako, na vipo vilivyoandikwa kwa ajili ya jamaa za walevi.

Simu siipendekezi. Programu zipo, na nyingine ni za bure, lakini ndani ya simu ile ile mna namba ya pusha, yule muuza unga.

Sasa ile dawa ya lugha. Nunua daftari la kurasa 200, ukurasa kwa siku, litakufikisha miezi sita na ushei. Juu andika tarehe na idadi ya siku tangu uache. Chini yake neno moja: aya, methali, ubeti. Kisha sentensi tatu zako mwenyewe, kazi ya leo, na nafasi ya jioni. Ukitafsiri kitabu cha Kiingereza, usitafsiri neno kwa neno. Pale kinapotaka ujisalimishe, "kusalimu amri" kwa kijana wa hapa ni kunyoosha mikono mbele ya polisi. Andika "kutawakali," kisha ukumbuke hadithi ya Mtume ya kumfunga ngamia kwanza: dozi ya methadone, mkutano wa kikundi na barabara kubwa ndiyo kamba ya ngamia. Na kitabu kikisema "safi," yaani asiye na kilevi mwilini, asitokee mtu akaacha methadone kwa ajili ya neno hilo. Ni dawa, na kuipunguza ni shauri la kliniki.

Methali zichunguzwe pia. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga" ni hekima kwa fundi aliyeanza kazi, lakini kwa aliyevuta pafu moja ni ruhusa ya kumaliza kete, kifurushi kizima cha unga. "Kuteleza si kuanguka" inafaa asubuhi ya baada ya kosa, haifai usiku wa kabla yake. "Haba na haba hujaza kibaba" sijaona ikimdhuru mtu, ila muguka (majani yanayotafunwa kama miraa) nao huingia kwa haba na haba, pale barazani, kwa jina la majani tu.

Kalenda ya kitabu ina pengo moja kubwa kwetu. Krismasi ina ukurasa wake mahali pake, lakini Ramadhani na Idi husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, na wapo wengi wanaoacha mwezi mzima wakarudi siku ya Idi mosi, mifuko ina pesa na marafiki wote wako nje. Kwa hiyo andika karatasi tatu za pembeni zisizo na tarehe: usiku wa kuandama mwezi, Idi mosi, Idi pili. Kila moja iwe na kazi yake, nani utakuwa naye saa 10 jioni, na pesa za sikukuu atashika nani. Zikunje uzitie ndani ya jalada, Shaabani ikiingia zitoe uzisome.