Kimya Kati ya Mkato na Mkato: Raha ya Kupogoa kwa Betri

Anayepogoa kwa msumeno wa petroli hukata upesi kuliko anavyofikiri. Injini inanguruma hata pale ambapo hakuna kinachokatwa, mafuta yanaungua, mkono unatetemeka, na mtu hujikuta anatafuta tawi lolote ili mngurumo ule usipotee bure. Mashine ya betri ukiiachia kitufe hunyamaza. Haili kitu. Unarudi nyuma hatua tatu, unautazama mti, unazunguka upande wa pili, unabadili nia, na betri iko pale pale ulipoiacha. Kwangu hiyo ndiyo raha yenyewe, kuliko wepesi wake na kuliko kukosekana kwa moshi. Kupogoa ni kazi ya macho kwanza, mkono baadaye.

Raha hiyo ina masharti yake, na mengi yako kwenye betri.

Seli moja ya lithiamu huhesabiwa kuwa na volti 3.6, na ikijaa kabisa hufika 4.2. Ukipanga seli 5 mfululizo unapata volti 18. Anayeandika 20 kwenye boksi amehesabu volti 4 kwa kila seli, yaani betri iliyojaa kabla haijabebeshwa kazi. Kwa hiyo 18 na 20 ni betri ile ile yenye majina mawili, na 36 na 40 vivyo hivyo, seli 10. Usilipe zaidi kwa sababu ya namba hiyo peke yake. Kinachokuambia tanki lina ukubwa gani ni wati-saa: zidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 18 na ampea-saa 2 ina wati-saa 36. Ya ampea-saa 5 ina 90.

Sasa tuseme msumeno mdogo unavuta wati 360 ukiwa ndani ya mti. Betri ya wati-saa 36 itaisha kwa dakika 6 za kukata mfululizo. Dakika 6! Ndipo wengi hukata tamaa na kurudi kwenye petroli. Lakini hakuna anayekata mfululizo. Tawi la unene wa sentimita 6 huchukua kama sekunde 5, na dakika 6 zina sekunde 5 mara 72. Toa kinachopotea kama joto, bado unabaki na mikato hamsini na zaidi. Mti wa matunda unaotunzwa kila mwaka hauhitaji mikato hamsini ya unene huo. Ukihitaji, umeachwa miaka mingi, na dawa yake ni kuurudia misimu miwili au mitatu.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi vya kutosha kuhusu betri nene. Wati 360 kwa volti 18 ni ampea 20. Betri nyembamba yenye safu moja ya seli 5 hubeba ampea zote 20 katika kila seli. Betri yenye safu mbili hugawana, ampea 10 kila upande, na kwa kuwa joto ndani ya seli hukua kwa mraba wa mkondo, yaani wa hizo ampea, kila seli hupata robo tu ya joto lile. Volti nazo hazishuki sana kazi inapokuwa nzito. Ndiyo maana msumeno ule ule hukwama ukiwa na betri ndogo na hupita ukiwa na betri kubwa. Si kwamba umeisha chaji. Umeishiwa nguvu ya kusukuma. Betri kubwa lakini ina uzito, na uzito huo mwisho wa mkono ulionyooshwa ni adhabu. Kwenye mkasi wa kupogolea napendelea betri ndogo mbili za kubadilishana. Kwenye msumeno wa fimbo, ambako betri hukaa chini karibu na mshikio, betri nene hufaa kwa sababu inasawazisha kichwa kilicho juu.

Mota isiyo na brashi ni ya lazima kwa chombo utakachokitumia kila msimu. Brashi za kaboni husuguana, hupoteza nguvu na huisha.

Mkasi wa umeme ndicho chombo ninachokipenda kuliko vyote, na ndicho kinachodharauliwa zaidi. Mingi hukata matawi hadi milimita 25 au 30. Mikubwa hufika 40. Namba hiyo ni ya mti mbichi. Tawi kavu la unene huo huo ni gumu zaidi, nalo ndilo hubana ubavu wa kisu. Mkasi ukikwama usiuzungushe wala kuutikisa, kwa maana kisu chembamba hupinda au kumeguka pembe. Achia kitufe ufunguke, utoe, ukate kwa msumeno. Mkasi wa aina ya visu vinavyopishana una upande mmoja wenye makali na mwingine wenye ndoano butu. Makali yaelekee kwenye shina, ndoano ielekee kwenye kipande kinachotupwa, kwa sababu ndoano ndiyo huponda gome. Ukiugeuza unaacha jeraha lililopondeka juu ya mti na kipande kilichokatwa vizuri chini kwenye takataka. Kama mkasi wako una mpangilio wa kufunguka nusu, utumie kwenye vitawi vyembamba. Kisu husafiri njia fupi, na mwisho wa siku utaona tofauti kwenye betri na kwenye muda.

Hatari yake ni hii: kidole na kitawi kwake ni kitu kimoja. Mkasi wa mkono ukigusa mfupa husita, kwa sababu wewe mwenyewe unasita. Wa umeme haujui kusita. Mkono usioshika mkasi usilishike tawi linalokatwa karibu na kisu. Acha umbali wa kiganja hadi kiwiko, au uuweke mgongoni kabisa. Ukihama mti, funga visu na uzime swichi.

Msumeno mdogo wa cheni una baa, yaani lile bapa la chuma linalobeba cheni, ya sentimita 10 hadi 15. Baa ya 15 ichukulie kuwa ni ya matawi hadi sentimita 10. Ukilazimisha tawi nene zaidi, ncha ya baa hubaki imezikwa ndani ya mti, na robo ya juu ya ncha hiyo ndiyo hurusha msumeno nyuma kuelekea usoni pindi inapogusa kitu kigumu. Kwa kuwa chombo ni kidogo, watu hukishika kwa mkono mmoja na tawi kwa mkono mwingine, na majeraha mengi hutokea kwenye mkono huo wa pili. Miwani ya kinga na glovu si za kujadiliana.

Karibu kila lalamiko kwamba msumeno wa betri hauna nguvu huishia kwenye cheni. Kwanza tazama imefungwa upande gani: juu ya baa, makali ya meno yaelekee mbele, kwenye ncha. Cheni iliyogeuzwa husugua, hutoa moshi na huacha alama nyeusi bila kukata. Pili, mkazo. Cheni isining'inie chini ya baa. Ukiivuta kwa vidole katikati inyanyuke kidogo, lakini miguu yake, yaani vijino vya chini vinavyopita ndani ya mfereji wa baa, isitoke yote, kisha ukiiachia irudi, na uweze kuizungusha kwa mkono uliovaa glovu, betri ikiwa imetolewa. Cheni mpya hulegea ndani ya dakika chache za kwanza, ikaze tena. Iliyokazwa ikiwa ya moto ilegeze kidogo ukimaliza kazi, kwa kuwa ikipoa hujikaza na kuivuta shafti ya mota.

Tatu, mafuta. Misumeno mingi midogo haina pampu inayolainisha yenyewe. Matone machache kwenye mfereji wa baa kila mikato kumi hivi, na mafuta yawe yale ya cheni yenye kunata. Mafuta mepesi hurushwa hewani kabla hayajafanya kazi. Cheni kavu hula wati kama mbwa mwenye njaa, na betri hulaumiwa.

Nne, makali. Yatazame maranda yanayotoka. Yakiwa vipande vidogo vinavyoonekana, cheni iko sawa. Ukiona unga laini, imekuwa butu. Mkato ukijipinda kulia au kushoto, meno ya upande mmoja ni mafupi au butu kuliko ya upande wa pili. Tupa ya duara ya milimita 4 ndiyo hutumika kwenye cheni nyingi ndogo, lakini thibitisha kwenye kitabu cha mashine. Noa kwa pembe ya digrii 30, ukisukuma kutoka ndani ya jino kwenda nje, idadi ile ile ya misukumo kwa kila jino, tatu mara nyingi hutosha. Mbele ya kila jino kuna kinundu kinachopima kina cha kuuma. Meno yakipungua kwa kunolewa, kinundu hubaki juu na cheni huteleza bila kuuma hata ikiwa kali. Kishushe kwa tupa bapa mpaka kiwe chini ya ncha ya jino kwa kama milimita 0.65. Ukizidisha, kila jino litauma kupita kiasi, mota itazimika kwa kujikinga, na hatari ya kurushwa itaongezeka.

Msumeno wenyewe ukizimika katikati ya tawi, mara nyingi si hitilafu. Kinga ya betri imekata mkondo kwa sababu umeegemea kwa nguvu. Achia kitufe, nyanyua kidogo, anza tena, uache uzito wa chombo ufanye kazi.

Sasa mahali pa kukata, kwa kuwa mashine nzuri huharibu mti upesi kuliko mbaya. Tawi linapotoka kwenye shina, kwenye kikomo chake kuna uvimbe unaolizunguka kama kola. Kola hiyo ni mali ya shina. Alex Shigo, mtafiti wa magonjwa ya miti katika Huduma ya Misitu ya Marekani, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno wa cheni ili kuona kinachotokea ndani ya majeraha, na mwaka 1977 alieleza jinsi mti unavyojenga kuta za kuzuia uozo usisambae. Mti hauponi kama ngozi inavyopona. Hufungia jeraha ndani na kuota juu yake. Ukikata pamoja na kola, unaunyang'anya mti ukuta wake. Ukiacha kigutu kirefu, kinaoza kabla gome halijakifunika. Kata nje kidogo tu ya kola, bila kuigusa. Rangi ya kupaka kidonda huihitaji, haizuii uozo.

Tawi lenye uzito hukatwa mara tatu. Sentimita 30 hivi kutoka kwenye shina, kata kutoka chini hadi robo au theluthi ya unene. Simama mapema, kwa sababu tawi likianza kulala litaibana baa. Kisha sogea sentimita chache kuelekea ncha ya tawi na ukate kutoka juu. Tawi litavunjika kati ya mikato hiyo miwili bila kuchuna gome la shina. Mkato wa tatu ni wa kuondoa kigutu kwenye kola. Mwanzoni inaonekana kupoteza muda. Kwa betri ni sekunde chache, hivyo hakuna kisingizio. Baa ikibanwa, toa betri kwanza, ndipo ulinyanyue tawi kwa mkono kulifungua pengo.

Kwa msumeno wa fimbo usisimame chini ya tawi, fimbo ilale kwa pembe isiyozidi digrii 60, na waya za umeme ziwe mbali kwa mita 3 au zaidi. Ngazi na msumeno wa cheni havipatani.

Kwa kuwa kukata kumekuwa rahisi, kaa macho na kiasi. Usiondoe zaidi ya robo ya matawi yenye majani kwa msimu mmoja. Mti ulionyolewa hujibu kwa machipukizi marefu yaliyosimama wima, dhaifu na yenye kivuli, na mwaka unaofuata una kazi mara mbili.

Baada ya kazi, betri itoke kwanza. Safisha utomvu kwenye visu kwa kitambaa chenye spiriti, pangusa kwa mafuta membamba, usimwagie maji. Ukihama kutoka mti mgonjwa kwenda mzima, pangusa visu kwa spiriti ya asilimia 70. Fungua kifuniko cha gia ya cheni uondoe unga uliochanganyika na mafuta. Ukiganda pale hubana cheni na kuzuia matone yasifike.

Betri yenye joto iache ipoe kabla ya kuichaji, na usiichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri za Selsiasi, kwani lithiamu hujipaka juu ya elektrodi ndani ya seli, na uwezo wa betri unaopotea hivyo haurudi. Ukiihifadhi kwa miezi, iwe na chaji kati ya asilimia 40 na 60, taa mbili kati ya nne, mahali pakavu na pa baridi kiasi. Iliyojaa ikiwekwa kwenye joto huzeeka upesi; iliyoachwa tupu hushuka taratibu mpaka chaja ikakataa kuitambua. Iliyovimba usiichaji tena. Ziba ncha zake za umeme kwa utepe na uipeleke panapopokelewa betri chakavu, wala usiichanganye na taka za nyumbani.